NGUVU ZILIZOSALIA
Maneno ya katekista kwa Wakristo na waalimu katika mkutano wa Jubilei, Bagamoyo



Tumepewa nafasi ndogo ya kusema nanyi, nasi tumeambiwa tuchague wenyewe neno la kusema. Wenzetu waliotutangulia wamesema vema juu ya mambo ya kale: jinsi Padre Horner na wenzake walivyovuka kutoka Unguja wakakaa hapa Bagamoyo mwaka 1868, jinsi walivyowapokea watu waliokombolewa utumwani, na jinsi tufani kubwa ya mwaka 1872 ilivyobomoa majengo yao, nao wakaanza kujenga tena. Hayo mmeyasikia, wala hatutayarudia. Sisi twataka kusema juu ya watu wasiokuwapo hapa leo.

Tazameni viti vyenu vya mbele huko vigangoni. Katika killa kigango yuko mzee mmoja au wawili ambao zamani hawakukosa Misa hata siku moja. Ndio waliopiga kengele, ndio waliofundisha watoto sala, ndio waliojua mashamba na mipaka yake. Leo wamo ndani, mkono mmoja umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, na maneno hayatoki. Wamepatwa na kiharusi. Nasi tukiulizwa habari zao twajibu, "Yupo, lakini ndiyo hivyo tena." Maneno hayo, ndugu zetu, ndiyo yaliyotuleta mbele yenu.

Yatupasa kuanza kwa kukiri kosa. Mwalimu wetu mkongwe, yule aliyetufundisha katekisimu na kusoma noti za nyimbo, alipatwa na ugonjwa huu mbele ya macho yetu. Ilikuwa jioni, tumekaa barazani kwake baada ya mazoezi ya kwaya. Kikombe cha kahawa kikamponyoka mkononi. Tulipomtazama, mdomo ulikuwa umekwenda upande, na maneno yake yalikuwa kama ya mlevi, naye hakupata kunywa pombe maisha yake. Mmoja akasema, "Ni upepo mbaya huu." Mwingine akasema, "Ni jua la shamba, mwacheni alale." Na sisi, tuliokuwa tukiitwa watu wa elimu pale, tukasema, "Tungoje kupambazuke." Kukapambazuka, naye hakuweza kuinua mkono wa kuume wala mguu. Tulipofika hospitali, daktari alituuliza swali moja tu: "Ilianza saa ngapi?" Tukamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika. Hakutulaumu, lakini swali lile halijatutoka masikioni hata leo.

Basi, ili lisiwapate ninyi lililotupata sisi, sikilizeni kiharusi ni nini. Ubongo huishi kwa damu, wala hauwezi kuikosa hata kwa dakika chache. Mshipa wa damu ukizibwa na bonge la damu iliyoganda, au ukipasuka, sehemu ile ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa, kama jaruba la mpunga katika bonde la Ruvu mfereji wake ukizibwa au ukibomoka. Tena Mungu ameumba mwili hivi, kwamba upande wa kushoto wa ubongo watawala upande wa kuume wa mwili. Na kwa watu wengi usemi nao hukaa upande huo wa kushoto. Ndiyo sababu mara nyingi aliyepooza mkono wa kuume hupotewa na maneno pia. Hakupotewa na akili. Mlango umefungwa, lakini mwenye nyumba yumo ndani.

Matabibu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, katika dakika moja hufa chembe 1,900,000 za ubongo. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa katika saa nne na nusu za kwanza, tena baada ya kichwa kupigwa picha, maana aliyepasuka mshipa dawa hiyo yaweza kumwua. Si killa hospitali iliyo na mashine hiyo wala dawa hiyo. Hata hivyo kuwahi kuna faida kubwa, kwani mgonjwa aliyewahi atunzwa kifua chake, kumeza kwake, na damu yake. Shikeni dalili tatu: uso kwenda upande, mkono kulegea, na maneno kuharibika. Ukiiona hata moja imekuja ghafula, usimpe maji wala chakula, kwani aweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu, tazama saa, kisha mpeleke hospitali saa ile ile, iwe usiku wa manane.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni geni au la watu wachache. Kati ya mwaka 2003 na 2006 matabibu wa Tanzania na wa Uingereza waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya mji wa Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri wa watu, waliona kwamba katika mwaka mmoja, kwa watu 100,000, walipatwa kama 109 huko Hai na kama 316 Dar es Salaam. Hesabu hiyo ya mjini yapita za nchi nyingi tajiri. Nasi tu jirani zao: samaki wetu huliwa kule, na watoto wetu hufanya kazi kule. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, ambalo sote twaliita presha. Ugonjwa huu haupigi hodi. Mtu aweza kuwa nao miaka kumi, naye alima na kuvua, hana habari. Kipimo kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa mara kadhaa, huyo ana presha, na yampasa kutunzwa.

Mwaka 2008 wataalamu wengine waliandika juu ya watu wa Hai na wa Dar es Salaam, jinsi wanavyoufahamu ugonjwa huu. Waliona kwamba mjini Dar es Salaam wengi walidhani kiharusi chaletwa na mapepo au uchawi, na kwa hiyo walitafuta dawa kwingine kwanza. Hatuwacheki watu hao, maana sisi wenyewe tulikaa barazani tukasikia neno "upepo" wala hatukulikanusha. Jambo lijalo ghafula, likamnyang'anya mtu usemi wake na kuupinda uso wake, latisha. Na mtu aliyetishika hutafuta adui. Lakini adui huyu anajulikana, na njia zake zajulikana. Tuombeeni wagonjwa, naam, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Hilo ndilo kosa letu la kwanza. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na la muda mrefu zaidi.

Mwalimu wetu aliporudi nyumbani, siku za kwanza uwanja ulijaa watu. Wakaleta unga, nazi, samaki na pole. Baada ya majuma matatu walikuja wachache. Baada ya miezi mitatu hakuja mtu. Hata tulipokwenda, tulimwuliza mkewe habari zake naye amekaa pale pale: "Amekula? Amelala? Aenda haja?" Tulisema juu ya kichwa chake, kama watu wasemao juu ya mtoto mchanga. Kengele ya kigango ikapewa mtu mwingine, na kitabu cha majina ya wakatekumeni kikapewa mtu mwingine; wala hakuna aliyekwenda kumwambia. Tulidhani twampumzisha. Kumbe tulimzika kabla ya kufa. Akaacha kula, akageuka kuutazama ukuta. Sasa twajua kwamba karibu mmoja katika watu watatu waliopatwa na kiharusi huingiwa na huzuni nzito ya namna hiyo. Huzuni hiyo ni ugonjwa nao, una tiba yake, na yafaa daktari aambiwe. Lakini huzuni ya mwalimu wetu ilikuwa na mkono wetu ndani yake.

Siku moja tulipita kwake kwa haraka, tukiwa na safari nyingine. Tukasimama mlangoni, na kwa mazoea tu tukasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Na kutoka kitandani ikaja sauti nzito, wazi, kama ile ya zamani: "Milele. Amina." Mkewe akatoka jikoni mbio, na upawa mkononi. Mtu yule hakupata kutamka jina la mkewe kwa miezi saba.

Tulidhani ni mwujiza. Baadaye mtaalamu wa viungo wa hospitali alitueleza, wala maelezo yake hayakupunguza shukrani yetu. Alisema kwamba maneno ambayo mtu ameyasema maelfu ya mara, kama salamu, sala, hesabu na nyimbo, mara nyingi husalia hata mtu anapokosa maneno ya kujitungia. Tena wimbo hutumia sehemu nyingine za ubongo pamoja na zile za usemi. Kwa hiyo asiyeweza kusema pengine aweza kuimba. Basi tukaenda na kwaya. Tukaimba, naye akaimba, ubeti mzima, machozi yakimtiririka, na sisi pia. Wimbo ulipokwisha alitaka kusema neno, likakataa. Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, kwa hasira. Nasi tukamwelewa: sauti ya tatu walikuwa wamekosea.

Hapo tulianza kufahamu. Tulikuwa tukitafuta kilichopotea, wala hatukutazama kilichosalia. Masikio yake yalikuwa yale yale. Maarifa yake ya katekisimu yalikuwa yale yale. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Tukawaleta watoto wa Komunyo ya kwanza barazani kwake, mara mbili kwa juma. Kijana mmoja husoma swali, watoto hujibu, naye akisikia kosa hugonga meza mara moja. Wakijibu sawa hugonga mara mbili. Watoto hawakuona ajabu yo yote. Sisi watu wazima ndio tuliokuwa na haya. Baada ya mwaka aliweza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Huutandaza pia wavu mapajani, huubana kwa mkono mgonjwa, na kushona matundu kwa mkono mzima. Kazi ya saa moja humchukua siku nzima. Lakini wavuvi huja kumletea, wala si kwa huruma: mashono yake ni imara.

Hatutawadanganya. Mkono wa kuume haukurudi. Hutembea kwa fimbo, kutoka barazani hata mwembeni, na kurudi. Maneno yake ni machache, na siku nyingine hayaji kabisa. Mtu akiwaambia kwamba yuko mponyaji awezaye kuondoa yote kwa siku tatu, akidai fedha au mbuzi, mfungieni mlango. Nafuu kubwa huja katika miezi mitatu ya kwanza. Lakini faida ndogo ndogo huja hata baada ya miaka, kwa mtu azoezaye viungo vyake killa siku. Wataalamu wengine huufunga mkono mzima kwa saa kadhaa, ili mkono mgonjwa, ukiwa una nguvu kidogo, ulazimike kufanya kazi. Kiungo kisichotumiwa husahauliwa na ubongo. Na tumeona kwamba mzee asiyetumiwa husahauliwa na kigango chake kwa jinsi iyo hiyo.

Waalimu wenzetu, hapa twataka kuwapa habari moja ya kuwafundishia vijana. Mwaka ule ule wa 1868, wamisionari walipoanza kazi hapa Bagamoyo, huko kwao Ufaransa, mwezi wa Oktoba, mtaalamu mmoja aitwaye Louis Pasteur alipatwa na kiharusi. Umri wake ulikuwa miaka 45, yaani umri wa wengi wetu sisi makatekista tuliokaa hapa. Mkono na mguu wa kushoto vikapooza. Siku zile alikuwa akijengewa nyumba ya uchunguzi; na wakubwa, wakidhani kwamba atakufa, wakasimamisha ujenzi. Mgonjwa akajua, ikamchoma moyo kuliko ugonjwa wenyewe. Habari zikamfikia Mfalme, naye akaamuru mafundi warudi kazini. Juma moja tu baada ya kuugua, Pasteur, hali amelala, alitaja maneno, mwingine akaandika, juu ya ugonjwa wa wadudu wa hariri. Akaishi miaka 27 tena, akichechemea, mkono mmoja mgumu. Mwaka 1885 ndipo alipomchanja mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Leo mtoto wa Bagamoyo akiumwa na mbwa, akachomwa sindano, uhai wake watoka katika kazi ya mtu mwenye kiharusi. Wangemwacha na majengo yake yaliyosimama, ni nani ajuaye tungekosa nini?

Si killa mgonjwa ni Pasteur, hatukusema hivyo. Lakini killa mgonjwa anayo nyumba iliyokuwa ikijengwa siku alipoanguka. Mmoja alikuwa akimfundisha mjukuu kusuka ukili. Mmoja alikuwa akipatanisha ndugu wawili waliogombea minazi. Mmoja alikuwa akiwaombea wafu wa ukoo wake kwa majina. Tusisimamishe mafundi.

Sasa tutasema na watu watatu, kwa maneno machache.

Kwanza, kwako wewe uliyepatwa. Mzee wetu, Mama yetu: shikamoo. Aliyepatwa mara moja ana hatari ya kupatwa tena. Kwa hiyo dawa ya presha usiiache siku ujionapo mzima, maana uzima huo ndio kazi ya dawa. Punguza chumvi, acha tumbaku na pombe, pimwa killa mwezi. Tena usione haya kuonekana. Fimbo si aibu, na mdomo uliopinda si aibu. Ukihitaji Mpako wa Wagonjwa, uombe. Wala watu wa nyumbani wasiogope wakimwona Padre na mafuta. Wazee wetu waliuita wa mwisho, nao ukaogopwa kama sanda. Lakini tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano Kanisa limetufundisha kwa uwazi kwamba ni wa kumtia nguvu mgonjwa aishi, wala si wa kumwaga tu anayekufa.

Pili, kwako wewe unayemtunza. Mgeuze mgonjwa asiyejiweza killa saa mbili, asipate vidonda. Mlishe akiwa amekaa, polepole. Usimvute kwa mkono mgonjwa, kwani bega hutoka. Mwulize yeye, kisha ngoja. Jibu lake laweza kuchukua muda wa Salamu Maria moja, nalo ni jibu. Lakini zaidi ya hayo twataka kukuomba radhi. Mke wa mwalimu wetu hakuja Misa miaka miwili, nasi tukadhani amelegea katika dini. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba hana wa kumwachia mgonjwa. Siku tulipomwuliza, alijibu kwa upole, "Waalimu, mlipokuwa mkija zamani mlimwuliza yeye hajambo. Mimi hamkuniuliza." Tangu siku ile jumuiya ndogo ndogo zimegawana Jumapili, killa jumuiya hutoa mtu wa kukaa na mzee. Na mama sasa yumo kwaya, sauti ya pili.

Tatu, kwenu Halmashauri za parokia na vigango. Mwaka 2018 misioni yetu ilitimiza miaka 150, na mwaka 2025 tulipewa dayosisi yetu wenyewe, Dayosisi ya Bagamoyo. Tumejenga, na twajenga bado. Twaomba katika mwaka huu killa kigango kiandike majina ya wagonjwa wake wa kiharusi, na mbele ya killa jina kiandike kazi. Msiandike ugonjwa, andikeni kazi: huyu asikilize watoto, huyu awe mwombezi wa wachumba, huyu atunze habari za kigango. Twaomba mlango mmoja wa killa kanisa uwe na mteremko badala ya ngazi. Na siku za mikutano tuwe na mtu wa kupima presha. Jambo hilo ladai dakika tano na kifaa kidogo. Mwaijua habari ya Injili ya yule aliyepooza, aliyeteremshwa kupitia darini. Walikuwa watu wanne waliomchukua. Hakuna ajuaye majina yao, lakini pasipo mabega yao asingefika.

Tulipomwambia mwalimu wetu kwamba tutasema mbele yenu leo, tulimwuliza kama ana neno la kuwaletea. Tulingoja maneno ya kutufariji. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa muda wa robo saa, jasho likimtoka. Karatasi yenyewe tunayo hapa. Imeandikwa: "Jumanne watoto wachelewa. Waje saa kumi."

Basi, ninyi wazazi wa kigango chetu, mmesikia. Na ninyi wa vigango vingine, nendeni mkaulize kwenu ni nani angojaye, na tangu saa ngapi.

Mungu awabariki nyote, awatie nguvu wagonjwa wetu na hao wawatunzao. Tumsifu Yesu Kristo.